Umerudi Kijijini na Cheti, Siku Haziishi: Mwongozo Kamili wa Kuishi Bila Ajira

Saa nne asubuhi kijijini kwetu, upande wa Njombe, hukuti mtu nyumbani. Wenye nguvu wako shambani, watoto wako shule. Waliobaki ni bibi anayeota jua ukutani, kuku, na wewe. Umeshaoga, umeshakunywa chai kwa viazi vya jana, umeshafungua simu mara ya tatu kuangalia kama umeitwa kwenye usaili. Mama anapita na jembe begani kuelekea bondeni. Unainuka umfuate, anakukataza: "Wewe pumzika tu, mwanangu. Umesoma sana."

Hilo "pumzika" nililisikia kwa miezi minane. Nilikuwa nimerudi na shahada ya uhasibu, begi moja na godoro, na sijawahi kuchoka kama nilivyochoka kwa kupumzika. Haya ninayoandika ni kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: umemaliza chuo, au mkataba umeisha mjini, umerudi kwa wazazi, na vijana wenzako wanakuuliza kwa nini umeboreka wakati unalala bure na kula bure. Usitafute humu njia ya kutajirika. Humu mna namna ya kuifanya siku iwe na mwanzo na mwisho wakati unasubiri, maana kusubiri kwenyewe kunaweza kuchukua miaka.

Kwanza, jua unachoumwa

Kijijini kazi hazijawahi kuisha. Kuni zipo, maji yapo, palizi ipo, zizi linavuja. Ila hakuna hata moja kati ya hizo inayokungoja wewe. Usipokwenda, ataenda mwingine, na hakuna atakayeuliza ulikuwa wapi. Siku isiyo na mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi haina kona hata moja ya kushika.

Hili liliwahi kuchunguzwa mbali sana na kwetu. Huko Austria, karibu na mji wa Vienna, kuna kijiji kiitwacho Marienthal ambacho karibu kila nyumba ilitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, mwanzoni mwa miaka ya 1930, watafiti wakiwamo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuangalia watu wanaishije, wakachapisha matokeo mwaka 1933. Walidhani watu wenye muda mwingi watasoma zaidi. Wapi! Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu nusu, hata baada ya ada kuondolewa. Watafiti walijificha dirishani na kupima mwendo wa watu barabarani: wanaume walitembea polepole na kusimamasimama, wengi wao hawabebi tena saa. Wanawake walikuwa wanapita haraka, kwa sababu nyumbani chungu na watoto bado viliwasubiri.

Niliposoma habari hiyo nilijiona mwenyewe nikiwa njiani kwenda dukani kununua kiberiti, safari ya dakika kumi, nikiitumia saa nzima.

Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zina lengo moja: kutafuta watu na viumbe wa kukungoja, kwa saa inayojulikana.

Hatua ya 1: Andika siku zako tatu

Chukua daftari la mkono, uandike kila saa umefanya nini, siku tatu mfululizo, bila kujipamba. Ukurasa wangu wa kwanza ulisomeka hivi: saa tatu, chai, saa nne, simu, saa tano, nimekaa, saa sita, nimekaa, saa saba, nimelala, saa tisa, simu, chaji imeisha. Nilipofika siku ya pili niliona aibu kuandika "nimekaa" kwa mara ya saba, nikaenda kuchota maji ili tu nipate cha kuandika.

Siku ya tatu ikiisha, tafuta vipindi viwili vibaya kuliko vyote. Kwa wengi ni kati ya saa nne na saa saba mchana, kisha baada ya chakula cha usiku. Hivyo ndivyo vya kuanza navyo. Vilivyobaki viache kwanza.

Hatua ya 2: Zungumza na wazazi, na uwe na jibu la majirani

Hii ndiyo hatua ngumu, na wengi huiruka.

Mzazi aliyeuza miti ili ulipe ada hataki kukuona na jembe. Akikuona nalo, na majirani wakakuona, kwake ni kama ile miti imeungua. Ndiyo maana anakwambia upumzike. Usibishane naye mchana mbele ya watu. Subiri jioni, kwenye moto, umwombe kitu kidogo chenye mipaka, kitu kitakachokuwa chako peke yako. Mimi nilianzia kwa baba, kwa bustani ndogo ya bondeni.

"Baba, naomba kile kinyungu cha kando ya mianzi."

"Cha nini?"

"Nipande mboga mpaka nitakapoitwa."

Akanyamaza, akachochea moto. "Utaweza kuamka?"

"Nikishindwa wiki mbili, unichukulie."

Neno la wiki mbili ndilo lililomlainisha. Halikuwa ahadi ya kubaki kijijini maisha yangu yote, ambayo angeikataa, wala halikuwa mchezo. Usiombe ekari tatu. Omba kipande ambacho ukikishindwa hakuna mtu atakayelala njaa.

Kisha majirani. Swali ni lilelile kila njia panda: "Vipi, ajira bado?" Mwanzoni nilikuwa naeleza kila kitu, idadi ya nafasi, mfumo wa maombi, mpaka nachoka kabla sijafika ninakokwenda. Tengeneza jibu moja fupi ulitumie kwa wote. Langu lilikuwa: "Shikamoo mama. Bado, tunaomba Mungu. Mimi nakwenda kuwaangalia kuku." Salamu kwanza, jibu, halafu unakokwenda. Sehemu ya mwisho ndiyo inayofunga mazungumzo, kwa sababu mtu mwenye pa kwenda hashikiliwi njiani. Ukiwa huna pa kwenda, utapatafuta, na hiyo nayo ni faida.

Hatua ya 3: Anza na kuku, lakini si kwa sababu unayoifikiria

Kila mtu atakuambia ufuge kuku upate hela. Mimi nasema ufuge kuku kwa sababu wanaamka. Kuku watano wa kienyeji na jogoo mmoja wanataka kufunguliwa asubuhi, maji, pumba, na kufungiwa jioni kabla kicheche hajaja. Hawajui kwamba wewe ni msomi. Kuku anayeatamia anakupa kalenda: siku 21, na unajua tarehe.

Jambo lenyewe hasa ni chanjo. Kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo, kinaweza kumaliza kuku wa kitongoji kizima ndani ya wiki, na kwetu hupenda kuja kiangazi. Hakina dawa ya kutibu. Kuna chanjo tu. Ile ya tone, I-2, huvumilia joto kuliko chanjo nyingine za ugonjwa huo, hutolewa tone moja kwenye jicho moja, kifaranga na jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Huchanji kuku aliyeshaugua.

Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, na ikishafunguliwa haiwekwi wiki nzima. Nilinunua ya kwanza, nikachanja sita wangu, nikabaki nimeishika nikiona hasara. Nikaenda kwa mama mkubwa jirani: "Mama, kesho usifungue banda mpaka nifike." Akacheka, lakini hakufungua. Kwake kulikuwa na kuku 14. Akaniambia nipite na kwa shemeji yake. Kufikia saa mbili asubuhi nilikuwa nimepita nyumba tano, mikono imejaa mikwaruzo, na bibi mmoja amenipa mayai mawili.

Miezi mitatu baadaye nyumba zilikuwa 19, na hapo ndipo maisha yangu yalipobadilika, kwa sababu nyumba 19 zilikuwa na mabanda yaliyofungwa yakinisubiri mimi. Ningelala mpaka saa tatu, kuku wa watu wangekaa na njaa na wenyewe wangekuja mlangoni.

Ukitaka kuifanya hii kazi, fuata mpangilio huu. Kwanza nenda kwa afisa mifugo wa kata, ujitambulishe, umwombe akuonyeshe mara moja kwa mikono yake: jinsi ya kumshika kuku, kugeuza kichwa, kusubiri tone lisambae jichoni kabla ya kumwachia. Usijifunze kwa video pekee. Muulize chanjo inapatikana wapi na itunzweje njiani; mimi niliibeba kwenye kopo lenye kitambaa kibichi, kivulini. Pili, siku moja kabla, pita kila nyumba uwakumbushe wasifungue mabanda. Tatu, andika daftarini nyumba, idadi ya kuku, tarehe, na tarehe ya kurudia. Nne, toza kidogo tangu mwanzo. Ukianza bure, siku utakayotaka hela ya chupa utaonekana umebadilika tabia. Mimi nilianza bure, na mpaka leo kuna nyumba mbili hazijanisamehe.

Hatua ya 4: Panda kitu kinachoota upesi

Kinyungu, kwa msomaji asiye wa huku, ni bustani ya bondeni yenye unyevu inayolimwa kiangazi wakati mashamba ya juu yamekauka. Kabla hujaanza, pima umbali na mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Waulize wazee na mtendaji wa kijiji mpaka uko wapi, usije ukang'olewa mboga zikiwa tayari.

Panda mchicha. Huchumwa baada ya wiki tatu au nne, ingawa baridi yetu ya Juni na Julai huuchelewesha. Mtu aliyeshakata tamaa anahitaji kuona kitu kimemaliza safari ndani ya mwezi. Parachichi ni zao zuri na huku limewajengea watu nyumba, lakini mche wa kubebeshwa unataka miaka kama mitatu kabla ya kukupa cha maana. Uupande, ila usiutegemee ukujazie Jumanne yako.

Na jihadhari na hesabu za kilimo kwenye karatasi. Mimi mhasibu nilikaa siku mbili nikipiga mahesabu ya viazi: magunia kadhaa kwa ekari, mara bei ya msimu, jibu likatoka gari dogo. Nikakopa mbegu kwa mjomba. Ukungu ulipita wiki moja ya mvua na majani yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Deni la mjomba nililipa kwa kibarua cha kubeba mbao.

Hatua ya 5: Ipangie simu siku zake

Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na kwa kawaida tangazo hukaa wazi wiki mbili hivi. Maana yake ukiangalia Jumatatu na Alhamisi hupitwi na kitu. Kuangalia mara tisa kwa siku hakuleti kazi. Kunamaliza bando na kukuacha na huzuni ile ile mara tisa.

Siku hizo mbili fanya kazi ya kweli. Hakikisha taarifa zako kwenye mfumo zimekamilika. Panga vyeti halisi kwenye bahasha moja isiyopenya maji, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, maana kwenye usaili hati za matokeo za muda hazikubaliwi. Kama jina lako la cheti cha kidato cha nne halifanani na la chuo, shughulikia sasa hati ya kisheria ya majina kupitia wakili. Nimewaona watu wakirudishwa mlangoni kwa herufi moja. Na mtu yeyote anayekuomba "hela ya fomu" ili akupatie ajira ni tapeli, hata kama anaijua namba yako ya maombi.

Ukienda mjini siku ya gulio, tafuta mtandao mzuri upakue vitu vya kusoma vya wiki nzima. Usiku simu iwe kitabu.

Kuhusu kubeti nitasema kwa ufupi. Mkeka unakupa kitu cha kungoja, ndiyo maana unanasa watu wasio na cha kungoja. Niliupenda. Uliondoka na hela ya mayai ya miezi miwili.

Hatua ya 6: Kijiwe na kilabu kwa kipimo

Usikimbie watu. Vibarua vya mbao, habari za nani anatafuta mtu wa kumwandikia hesabu, zote husikika kijiweni kwenye drafti. Nenda, ila nenda saa kumi jioni, na nenda ukitoka mahali. Ukianzia kijiweni saa tatu asubuhi, kijiwe kinakuwa ndiyo kazi.

Ulanzi, pombe ya mianzi, ni mtihani wa masika. Unaanza na mtogwa, ule mtamu wa asubuhi ambao hata watoto wanalamba, unajiambia ni juisi tu. Jioni umefika kwenye mkangafu, ule uliochacha na mkali, na unaeleza siasa za dunia. Mimi nilijiwekea Jumapili peke yake, baada ya kanisa, na hela ya kikombe kimoja mfukoni. Ukiona unatamani kilabu kifunguliwe, hapo tayari kinakungoja kuliko kuku.

Hatua ya 7: Tumia ulichosomea, mahali patakapokukosa

Kila kijiji kina kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopeshana, au cha upatu chenye daftari lililochanika. Nenda useme: naweza kuwasaidia kuandika. Wanakutana kila wiki, siku na saa ile ile, sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na anayechelewa anapigwa faini. Kwa mtu aliyepoteza hesabu ya siku, hakuna dawa kama faini ya shilingi mia tano mbele ya akina mama 25. Usikubali kushika hela wala ufunguo mwanzoni. Shika kalamu tu.

Ukiwa na somo unaloliweza, zungumza na mwalimu mkuu wa shule ya msingi au ya kata kuhusu kujitolea. Weka mipaka mapema: siku gani, vipindi vingapi, mpaka lini. Bila mipaka utajikuta na vipindi 20 kwa wiki na ahsante mwishoni mwa mwaka.

Utasikia pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni nzuri kwa kikundi chenye biashara inayotembea. Usiombe kwa sababu umechoka kukaa. Deni la kikundi kilichoundwa kwa uchovu humwangukia aliyebaki kijijini.

Kwa dada aliyerudi

Dada yangu alirudi mwaka mmoja baada yangu na hakuna aliyemwambia apumzike. Siku ya pili alikuwa anapika, anafua, analea watoto wa kaka. Yeye hakukosa kazi, alikosa saa yake mwenyewe. Kama uko hivyo, pindua mwongozo: omba saa mbili ambazo hupatikani, kila siku, kwa sababu inayoeleweka nyumbani, kama kusoma kwa usaili, na utoke nje ya uwanja wakati huo. Alikuwa anakaa kwenye ofisi ya mtendaji, kwenye benchi, na vitabu vyake. Ndani ya nyumba hakuna saa ya mwanamke inayoheshimiwa.

Ukizidi kuchoka

Ukipitisha wiki mbili hulali au unalala kutwa, chakula hakina ladha, hutaki kuona hata watu unaowapenda, huo si uchovu wa kukaa tena. Nenda zahanati au kituo cha afya, sema kama ulivyo, uombe rufaa ikibidi. Ikiwa unawaza kujidhuru, mwambie mtu leo hii na usilale peke yako chumbani. Dawa na sumu za shambani zihamishiwe nyumba nyingine.

Hatua ya mwisho: Siku utakapoitwa

Fundisha mtu kabla hujaitwa. Mimi nilimchukua kijana wa jirani, yuko darasa la sita, awe ananishikia kuku, kisha nikambadilisha: mimi nashika, yeye anadondosha. Andika ukutani, ndani ya mlango, namba ya afisa mifugo na tarehe za kurudia. Daftari la kikundi likabidhi mbele ya wanachama, hesabu ikiwa imefungwa.

Niliitwa Dodoma. Nikapanda basi la alfajiri kupitia Iringa, nikafanya usaili, na nikakosa. Nilirudi siku ya tano, usiku, nikiwa nimejiandaa kwa maswali ya njia panda. Asubuhi saa kumi na mbili mlango uligongwa. Dogo alikuwa amesimama na daftari, akanionyesha kurasa mbili alizojaza kwa penseli, nyumba sita, kuku 51, kisha akauliza kama kwa bibi wa kule juu tunakwenda wote au, kama nimechoka na safari, aende peke yake.